Siku Tatu Sebuleni kwa Madame Ruth

Mwaka niliotimiza miaka ishirini na mitatu, sisi walimu kumi na mmoja wa shule za msingi tulikaa siku tatu sebuleni kwa mwanamke aliyekuwa akitufundisha Kiingereza, na siku ya nne asubuhi mwenye nyumba akaitwa kuja kututoa. Hatukuwa tumegombana naye. Tulikuwa tumekwenda kukaa naye kwa sababu mama yake alikuwa amefariki. Mwalimu wetu alisimama mlangoni akampa kila mmoja mkono, akasema asante mara kumi na moja, uso wake mwekundu kama wa mtu aliyetoka juani. Wa mwisho kutoka alikuwa Faustin, mkubwa wetu kwa umri, na ndani ya koti lake mlikuwa na fomu iliyohitaji sahihi moja tu ya mwalimu huyo. Ilikuwa Alhamisi. Fomu zilitakiwa wilayani Ijumaa. Faustin alimpa mkono, akainamisha kichwa, akapita.

Faustin alifariki mwezi uliopita huko Rubona, na ndiyo maana naandika haya. Nitayaandika kwa mpangilio, kwa kuwa nilifanya kazi ya redio miaka mingi na nimezoea kutaka kujua nani alisema nini, saa ngapi, na nani alikuwepo. Kwa jambo hili peke yake mpangilio haujanisaidia. Kila nikilipanga linatoka vilevile: watu wema upande huu, mtu mwema upande ule, na katikati mtu mmoja anapoteza kazi.

Ulikuwa mwaka ule shule zilipoagizwa kuacha Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza. Hapa Gisenyi, mji wa mpakani, walimu wengi tulikuwa tumetoka upande wa Congo, tumesoma kwa Kifaransa kuanzia siku ya kwanza, na Kiingereza tulikijua kwa kukisoma kwenye maboksi ya sabuni. Wenzetu waliorudi kutoka Uganda walitembea uwanjani mabega juu. Faustin alikuwa amefundisha hesabu darasa la sita kwa miaka kumi na minane. Siku agizo liliposomwa alirudi ofisini, akachukua daftari lake la masomo lililojaa mwandiko mzuri wa Kifaransa, akalitazama, akaniambia, "Mudogo yangu, mi nimekuwa mutoto tena." Tulitumia meza moja. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, na yeye ndiye aliyenifundisha kushika chaki ili isilie.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Mwingereza wa miaka hamsini na kitu, mwalimu mstaafu, aliyekuja kujitolea. Alitutaka tumwite Ruth tu. Hakuna aliyeweza, tukamwita Madame Ruth. Alitufundisha katika chumba cha parokia chenye madirisha mawili yanayotazama ziwa, na sasa hivi nikifumba macho nauona mkoba wake wa kitambaa, chupa yake ya chai, saa yake ya mezani iliyowekwa kutuelekea sisi. Hakuwahi kuchelewa hata dakika moja. Alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa na sheria. Sheria kubwa aliisema siku ya kwanza: mwisho wa kozi kila mtu atafanya mtihani wa kuzungumza naye kwa dakika ishirini, na akifaulu atasainiwa fomu ya kumruhusu kuendelea na madarasa ya juu. Siku hazitapangwa. "Ukijiona uko tayari," alisema, "njoo uniambie."

Sisi tuliosikia maneno hayo tuliyaelewa yote. Hakukuwa na neno gumu hata moja. Lakini tulikulia mahali ambapo mwalimu ndiye anayemwambia mwanafunzi kwamba ameiva. Mwanafunzi anayejitangaza mwenyewe ni mwenye majivuno, au hajui kazi ilivyo kubwa. Vijana tuliizoea sheria ile haraka. Mimi nilikwenda wiki ya sita, nikasainiwa. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wakitoka wanacheka kwa aibu. Faustin alingoja kuitwa. Kila siku alikaa mstari wa mbele, akafanya kazi zote, akawaeleza wenzake wakati wa mapumziko yale ambayo hawakuyashika, na kila siku alimtazama Madame Ruth akikusanya vitu vyake, labda leo atasema neno. Naye, kama alivyonieleza baadaye, alikuwa akimtazama Faustin na kujiuliza kwa nini mwanafunzi wake bora haji. Alidhani anaogopa. Alidhani kumwita kungekuwa kumsukuma mtu mzima, na kumsukuma mtu mzima kwao ni kumvunjia heshima.

Jumamosi ya mwisho kabla ya fomu kutakiwa nilimkuta Faustin sokoni na binti yake Aline, aliyekuwa na miaka saba. Nikamwambia, "Papa Aline, watu kumi wamesainiwa. Umebaki wewe." Akacheka. "Bon. Jumatatu nitaenda. Nitamwambia mi njo niko hapa, basi." "Njo" kwetu ni "ndiyo". Alilisema kama mtu anayekubali kwenda kuchomwa sindano.

Jumapili mama yake Madame Ruth alifariki huko Uingereza.

Tulijua Jumatatu saa mbili asubuhi, kwa namna ambayo sijawahi kuisahau. Ilikuwa likizo ya shule na tulikuwa na kipindi cha asubuhi. Aliingia kwa wakati, akaweka saa mezani, akasema kwamba angependa tufahamu kuwa mama yake amefariki jana, kwamba alikuwa mzee sana na ameugua muda mrefu, na kwamba tusishangae akionekana amechoka kidogo. Kisha akatuomba tufungue ukurasa wa arobaini na mbili. Hakuna aliyefungua. Mama Denise, aliyefundisha darasa la pili na kuimba kwaya ya kanisa kuu la Nyundo, aliweka mikono kichwani. Madame Ruth akasoma zoezi la kwanza mwenyewe, akalijibu mwenyewe, akasoma la pili. Alifundisha hadi saa sita. Alipotaja kwamba mazishi yatakuwa baada ya wiki mbili na nusu, kwa sababu kwao ndivyo ilivyo, niliona watu wakitazamana. Mtu amekufa, na atangoja wiki mbili na nusu!

Tulibaki uani alipoondoka.

"Mana yanjye, Mungu wangu," Mama Denise alisema. "Mama yake amekufa jana, na leo iko natufundisha. Yule mutu amepasuka ndani. Mumeona macho yake?"

"Hana mutu hapa," Faustin alisema. "Hana ndugu, hana jirani. Anaenda sasa kwa nyumba kuikala peke yake na kifo."

"Donc?"

"Donc, sisi njo ndugu yake. Twende."

Mtu mmoja aliuliza kama si vizuri kumwuliza kwanza. Mama Denise alimgeukia kana kwamba ametukana. "Unaulizaka mutu wa kilio kama anataka kilio?"

Njiani nilitembea sambamba na Faustin. Nikamwuliza kuhusu fomu, maana nilijua iko mfukoni. Hakukasirika. Alipunguza mwendo tu. "Mudogo yangu, utaingia kwa mutu amefiwa, na karatasi mukononi? Utamwambia nini, pole, saini hapa?" Nikamkumbusha Ijumaa. "Naijua Ijumaa," alisema. "Siku ya pili, siku ya tatu, mutu anaanza kuongea tena. Atanikumbuka mwenyewe."

Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya barabara ya ziwa, vyumba viwili, jiko, na sebule ndogo yenye kochi moja na viti vinne. Alifungua mlango akatuona kumi na mmoja tumebeba kreti ya fanta, mkaa, kuku wawili, mchele na mikeka. Alisema tumekuwa wema mno. Akaweka maji ya chai. Vikombe vyake vilikuwa sita, kwa hiyo akatengeneza chai kwa awamu, akaosha, akatengeneza tena, huku Mama Denise akimfuata nyuma akijaribu kumnyang'anya birika, kwa sababu aliyefiwa hawatumikii wageni. Walivutana birika lile kwa tabasamu, kila mmoja akiwa na hakika kwamba anamtendea mwenzake heshima. Mwisho Mama Denise akashinda, akamkalisha kwenye kochi, na sisi tukakaa kumzunguka. Hatukusema mengi. Kwenye kilio watu hawahitaji kusema. Wanazungumza mambo madogo, mvua, bei ya viazi, na aliyefiwa anasikia sauti za watu. Madame Ruth aliangalia uso mmoja baada ya mwingine akingoja tuseme kilichotuleta.

Saa kumi alisema, "Asanteni sana. Lazima mna shughuli zenu." Faustin akajibu kwa Kiingereza kizuri, kwa niaba yetu, kwamba hatuna shughuli yoyote. Saa kumi na moja alisema hataki kutuchosha. Tukamhakikishia kwamba hatujachoka. Nilipokuwa nikimsikia nilifikiri, huyu mama ana adabu, hata katika huzuni hii anatufikiria sisi. Jioni wengine tulikwenda makwetu, na Mama Denise na mwenzake mmoja wakatandika mkeka sebuleni, ili asilale peke yake.

Jumanne ilikuwa hivyo, ila watu wa kwaya walikuja pia. Tulipika uani sombe ya majani ya muhogo na sambaza, dagaa wa ziwani. Moshi ukaingia ndani. Mama Denise alizima redio ndogo ya jikoni kwa kuwa nyumba ya kilio haina redio, na kila Madame Ruth alipoiwasha, yeye akaizima. Alikuta jibini fulani yenye ukungu wa bluu kwenye friji, akaitupa, akaniambia kwa huruma, "Disi, maskini, ameacha kujiangalia." Mchana Madame Ruth alijifungia chumbani akazungumza na kaka yake kwenye simu. Ukuta ulikuwa mwembamba. Tulimsikia akicheka, kicheko kirefu, cha tumboni. Leo najua alikuwa akikumbushwa kichekesho cha mama yake, na kwamba pengine hiyo ndiyo ilikuwa nusu saa yake pekee ya maombolezo katika siku zote tatu. Siku ile Mama Denise alisema, "Mumesikia? Akili inaanza kuondoka. Hatumuache hata dakika moja." Na hatukumwacha. Alipotoka tulimfuata hadi kwenye ngazi.

Faustin alikaa siku zote mbili na koti lake, na ingawa kulikuwa na joto hakulivua. Mara moja nilimwona akiingiza mkono mfukoni na kuutoa mtupu, kama mtu anayehakikisha kitu hakijaanguka.

Jumatano saa tisa nilikuwa jikoni nikiosha vikombe. Madame Ruth akaingia, akasimama karibu yangu, akala kipande cha mkate kwa kusimama. Nywele zake hazikuchanwa. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza chepesi zaidi miongoni mwetu, na nadhani kwa hilo alinichagua. Hakunong'ona.

"Vestine," alisema, "naomba uniambie ukweli. Kuna kitu wanachotaka kutoka kwangu?"

Nimelisikia swali hilo kwa miaka mingi tangu hapo. Lilikuwa swali wazi, lililoulizwa kwa lugha ninayoielewa na mtu aliyehitaji jibu. Nilijua jibu. Jibu lilikuwa na jina, na umri, na watoto wanne, na karatasi mfukoni. Lakini kwa kipimo nilichokuwa nacho, swali lile lilikuwa la kuogofya. Mtu aliyefiwa anauliza kama waliokuja kumlilia wamekuja kuomba. Kusema ndiyo kungekuwa kumvua nguo Faustin mbele ya kilio, kugeuza siku zake zote tatu kuwa foleni ya ofisini. Nilimlinda haraka, bila kufikiri.

"Hapana, Madame. Hatutaki kitu. Tumekuja kwa ajili yako tu."

"Una hakika? Hakuna mtu hata mmoja?"

"Hakuna."

"Basi sielewi," alisema, akatoka.

Asubuhi ya Alhamisi alikuja mwenye nyumba, Mzee Gakuba, aliyerudi nchini kutoka Karagwe, mwenye Kiswahili cha Tanzania tulichokuwa tukikitania. Alisimama katikati ya mikeka ameshika kofia.

"Jamani, samahanini sana. Mama huyu ameniomba niwaambie kwamba anahitaji kuwa peke yake. Anasema amewaambia mara nyingi na hamkusikia."

"Ametuambia lini?" Mama Denise aliruka. "Ametuambia asante! Kila saa, asante, asante!"

"Mimi nimemweleza desturi yetu, dada yangu. Nimemweleza yote. Ameelewa vizuri, hata amelia. Lakini bado anaomba mwende."

Hapo ndipo jambo lilipoisha kwangu, ingawa sikujua. Hadi dakika ile ningeweza kusema kwamba kilichokosekana ni maelezo. Sasa maelezo yalikuwa yametolewa na mtu ambaye Kiswahili, Kinyarwanda na Kiingereza vyote vilimkaa mdomoni, na hayakubadilisha kitu. Madame Ruth alikuwa ameelewa, na bado hakuweza kuvumilia pumzi zetu ndani ya nyumba yake.

"Tunaenda, mzee," Faustin alisema. "Hakuna neno."

Nje ya geti sanduku la Madame Ruth lilikuwa tayari kwenye gari. Alikuwa amepata ndege ya mapema ya kwenda kwao. Nilimshika Faustin mkono wa koti. "Papa Aline, mwambie sasa. Ama mi nitamwambia." Akautoa mkono wangu polepole. "Leo ametufukuza. Ukimwambia leo atafikiri ni ile njo ilikuwa inatuleta." Mama Denise alikuwa akilia barabarani, pikipiki zikimkwepa. Kufukuzwa kwenye kilio hakujawahi kumtokea yeyote tuliyemjua.

Madame Ruth alirudi baada ya wiki sita. Kozi mpya, walimu wapya, saa ileile mezani. Aliniita akauliza habari za Faustin, kwa nini hakuja kamwe. Nikamweleza fomu. Nikamweleza koti. Alikaa kwenye dawati la mwanafunzi.

"Lakini nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza wewe."

"Ndiyo, Madame."

"Nilidhani mnangoja pesa. Niliona aibu kufikiri hivyo, kwa hiyo nikakuuliza. Ukasema hakuna. Baada ya hapo sikuwa na namna tena ya kuwaelewa."

Aliandika wilayani barua mbili. Ya kwanza ilijibiwa kwamba orodha imefungwa. Ya pili haikujibiwa. Tuliendelea kusalimiana vizuri, yeye na mimi, hadi alipoondoka kabisa mwisho wa mwaka. Kwenye karamu ya kuagana alikuja na keki aliyoioka mwenyewe, na sisi tukaimba, na kila upande ulikuwa makini sana, kama watu wanaobeba kitu kilichojaa hadi ukingoni. Mama Denise hakuja.

Muhula uliofuata Faustin alipewa darasa la kwanza, na muhula wa tatu nafasi yake ikapewa kijana aliyesomea Kampala. Alihamia Rubona, akapata kazi bandarini ya kupima sambaza wanaoletwa na wavuvi alfajiri. Nilipita huko mara kwa mara, kwanza kwa ajili yake, baadaye kwa ajili ya redio. Kila mara alinifungia samaki kwenye gazeti, akaniuliza habari za shule kana kwamba bado ana kipindi saa nne. Hakuwahi kulitaja suala la fomu. Mimi pia sikulitaja. Nilijiambia kwamba namsetiri.

Kwenye kilio chake tulikaa siku nne, chini ya hema la plastiki, mvua ikinyesha. Siku ya tatu Aline alinivuta pembeni, akaniita kwa jina la mwanangu. Ni mwanamke mzima sasa. Anafanya kazi hotelini, mapokezi, na Kiingereza chake hakina mkwaruzo. Alikuwa ameshika karatasi iliyokatika kwenye mikunjo.

"Mama Kevin, hii tumeipata kwa mali yake. Papa alituambia alifanya mtihani akaanguka. Alisema Kiingereza kilimushinda. Lakini mi njo anajua: papa njo alinifundisha Kiingereza. Alikuwa anafuata habari ya redio ya Kiingereza yote, neno kwa neno, anatueleza." Akaigeuza karatasi. "Hii haina hata alama. Hakuna mutu aliandika kitu. Alianguka, ama hakufanya?"

Nilimwambia hakufanya. Nilimwambia kwamba mwalimu alifiwa wiki ile. Sikumwambia swali la jikoni, kwa sababu yeye aliposema neno kwa neno nilikuwa nimekwisha kuanza kuhesabu kitu kingine: ni nani waliokuwa karibu kutusikia jikoni siku ile.

Tangu wakati huo nimewatafuta waliobaki kati yetu. Tuko saba. Nimewauliza wote jambo moja: Jumatano ile, saa tisa mchana, Faustin alikuwa wapi? Wanne hawakumbuki. Mmoja ana hakika kwamba alikuwa nje akivunja mkaa. Mama Denise, ambaye ni mzee sasa na hasahau, anasema alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na mlango wa jiko, mlango uko wazi, na kwamba aliinuka ghafla akaenda kusimama barazani, na alipomwuliza ana nini, alisema ni moshi.